Betri kavu za sola: Jua lipo, mbona zinakufa mapema?

Katika maduka ya sola ya Kariakoo, mteja aliyetoka mkoani huanza na betri. Anataka kujua ni ya ampea ngapi, anainyanyua kidogo kupima uzito wake, kisha anauliza bei ya ile kubwa zaidi. Betri ikishapatikana ndipo pesa iliyobaki inagawanywa: paneli, kontrola, taa, waya. Hapo paneli ndiyo inayopunjwa. Mteja anaondoka na betri ya ampea-saa 100 na paneli ya wati 50, akiamini kwamba amenunua umeme mwingi kwa sababu amenunua betri kubwa.

Mwaka haujaisha, runinga inazima saa mbili usiku, taarifa ya habari ikiwa bado katikati. Fundi anaitwa, anaitazama betri, anasema imekufa. Mwenye nyumba anaamini aliuziwa feki. Feki zipo sokoni na zinaumiza watu wengi, lakini betri kavu nyingi zinazotupwa mapema zilikuwa nzima siku zilipotoka dukani. Kilichoziua ni kutojazwa mpaka mwisho, siku baada ya siku, katika nchi ambayo jua halina uhaba.

Kujua kwa nini inakuwa hivyo kunataka kwanza kujua kilichomo ndani. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya kwanza ya risasi na asidi mwaka 1859, na msingi wake haujabadilika tangu hapo. Ndani kuna mabamba ya risasi yaliyozama katika asidi ya salfa. Betri ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikitoa volti mbili na ushee. Umeme unapotumika, salfa inatoka kwenye asidi na kujishika kwenye mabamba, ikitengeneza chumvi nyeupe iitwayo salfeti ya risasi. Betri inapochajiwa, chumvi hiyo inavunjwa na salfa inarudi kwenye asidi.

Chumvi ikiwa changa huvunjika kwa urahisi. Ikiachwa kwa majuma inakomaa, fuwele zake zinakua na kuwa ngumu, na chaji ya kawaida haiziwezi tena. Kila sehemu ya bamba iliyofunikwa na fuwele hizo imeshaacha kufanya kazi. Betri bado inaandikwa ampea-saa 100 ubavuni, lakini kilichobaki ndani huenda ni 60, halafu 40, halafu 15.

Betri ya maji, ile ya kufungua vifuniko na kuongeza maji, ina huruma kidogo kwa mwenye nayo. Ikichajiwa kupita kiasi inachemka, maji yanapungua, mtu anayaongeza. Betri kavu haina nafasi hiyo. Asidi yake imenyonywa ndani ya mkeka wa nyuzi za kioo au imegandishwa kuwa jeli, na kila seli imefungwa kwa vali ndogo. Gesi ya oksijeni inayozaliwa wakati wa kuchaji hurudi kuwa maji humohumo ndani, almuradi chaji haizidi kipimo. Ikizidi, vali zinafunguka, gesi inatoka, na maji yaliyotoka hayarudishwi. Kwa hiyo betri kavu inabanwa pande mbili: ikichajiwa kidogo inaganda chumvi, ikichajiwa sana inakauka. Njia iliyo katikati ni nyembamba, na imeandikwa kwa namba.

Namba hizo ziko kwenye betri yenyewe, mahali ambapo wanunuzi wachache husoma. Tuchukue ile betri ndogo ya ampea-saa 7 inayotumika kwenye ving'ora na taa za dharura. Ubavuni, kwa herufi ndogo, kuna mistari miwili. Mmoja ni wa betri inayokaa imechomekwa ikisubiri umeme ukatike: volti 13.5 hadi 13.8. Wa pili ni wa betri inayotumika na kuchajiwa kila siku: volti 14.4 hadi 15. Chini yake kuna kiwango cha juu cha mkondo wakati wa kuanza kuchaji, ampea 2.1, yaani chini kidogo ya theluthi moja ya uwezo wake. Betri ya sola ya nyumbani iko kwenye mstari wa pili, maana inatumika usiku na kuchajiwa mchana. Kuiachia volti 13.8 peke yake ni kuinyima saa zake za mwisho za chaji.

Saa hizo za mwisho ndizo kiini cha jambo lote. Asubuhi betri iliyotumika usiku hupokea kila ampea ambayo paneli inaweza kutoa, na volti zake zinapanda polepole. Zikifika 14.4 hivi, kontrola, kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri, inazishikilia hapo. Wakati huo betri imefika karibu asilimia 80, na watu wengi wangedhani kazi imekwisha. Bado. Asilimia 20 iliyobaki inaingia kwa mwendo wa pole sana, kwa saa tatu, nne au zaidi, huku mkondo ukipungua wenyewe mpaka ampea moja au mbili kwa betri ya 100. Ni katika saa hizo ambapo ile chumvi iliyojificha ndani ya mabamba inavunjwa. Baada ya hapo kontrola inashusha volti hadi 13.6 hivi ili betri ikae imejaa bila kuchemka.

Sasa tuifanyie hesabu nyumba ya yule mteja. Runinga ndogo ya wati 20 kwa saa nne inakula wati-saa 80. Taa nne za wati 3 kwa saa nne, wati-saa 48. Simu mbili, wati-saa 22 hivi. Jumla ni 150, sawa na ampea-saa 12.5 kutoka kwenye betri ya volti 12. Kwa betri ya 100, matumizi hayo ni madogo sana, na mteja ana haki ya kufurahi.

Paneli ya wati 50 inatoa ampea 2.8 jua likiwa kali. Kwa saa tano za jua zuri ni ampea-saa 14. Toa sehemu ya kumi inayopotea wakati wa kuchaji, inabaki 12.6. Kilichotoka ni 12.5 na kilichoingia ni 12.6. Siku za jua hesabu inalingana, ila kwa shida.

Halafu inakuja masika. Siku ya mawingu mazito paneli inaweza kutoa theluthi tu ya kawaida yake, ampea-saa nne, na nyumba inaendelea kutumia 12.5. Siku tano za namna hiyo zinaacha pengo la zaidi ya ampea-saa 40. Jua likirudi, betri inalipa kila siku deni la jana yake tu, na lile la masika linabaki palepale, kama mtu anayemlipa mwenye duka sukari ya leo huku daftari la mwezi uliopita halijaguswa. Betri inakaa nusu kwa wiki na miezi. Chumvi inakomaa. Kuongeza betri ya pili, jambo ambalo wengi hulifanya wakifika hapo, hakuongezi hata ampea moja ya chaji. Kunagawa ileile ndogo kwa betri mbili.

Paneli ya wati 150 juu ya betri ileile ingeingiza ampea-saa 37 kwa siku nzuri. Baada ya matumizi zingebaki 25, na pengo la masika lingezibwa ndani ya siku mbili tatu. Ndiyo maana watengenezaji na mafundi waliosomea kazi hii wanataka mkondo wa chaji uwe karibu sehemu ya kumi ya uwezo wa betri. Betri ya 100 inataka ampea nane hadi kumi, yaani paneli za wati 150 hadi 200. Mwenye pesa ya paneli ya wati 50 tu anahudumiwa vizuri zaidi na betri ya ampea-saa 30 inayojaa kila siku. Muuzaji anayemwambia mteja hivyo anapoteza mauzo ya siku hiyo, na anastahili kuheshimiwa kwa hilo.

Kuna kitu kinachowapoteza watu wengi katikati ya haya yote: taa ya kijani ya kontrola. Taa hiyo inapima volti za dakika ile, haipimi umeme uliomo. Betri nzima iliyotumika usiku huchukua muda mrefu kufika volti 14.4. Betri iliyoganda chumvi inafika haraka mno, kwa sababu sehemu inayoweza kupokea chaji imebaki ndogo. Saa tatu asubuhi taa tayari ni ya kijani, mwenye nyumba anafurahi kwamba betri yake inajaa upesi, na jioni runinga inazima baada ya nusu saa. Betri inayojaa haraka na kuisha haraka iko ukingoni.

Afrika Mashariki ina historia ndefu katika jambo hili. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo duniani ambako watu wa vijijini walijinunulia sola kwa pesa zao. Mwaka 1984, huko Meru, Mmarekani Harold Burris alianza kufunga mifumo midogo, na pamoja na Mark Hankins, aliyekuwa mwalimu katika shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi, wakafundisha mafundi wa huko. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye, familia nyingi zilikuwa na betri bila paneli: ya gari, iliyofungwa nyuma ya baiskeli na kupelekwa mjini kuchajiwa, kisha kurudishwa kuwasha redio na runinga. Mazoea ya kuiona betri kama mfumo wenyewe, na paneli kama nyongeza, yana mizizi hapo. Mtafiti Arne Jacobson, katika kazi aliyoichapisha mwaka 2007 kuhusu nyumba zenye sola nchini Kenya, alionyesha kuwa runinga ndiyo iliyochukua sehemu kubwa zaidi ya umeme wa mifumo midogo. Hilo lina maana yake kwenye betri, kwa kuwa runinga haiko tayari kusubiri masika yapite.

Sekta ya afya nayo ilijifunza udhaifu wa betri kwa gharama kubwa. Majokofu ya chanjo ya sola yaliyopelekwa kwenye zahanati za vijijini kuanzia miaka ya 1980 yalitegemea betri, na betri ndizo zilizoyaangusha: zilikufa baada ya miaka michache na hapakuwa na fungu la kununua nyingine. Kuanzia miaka ya 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha majokofu yanayoendeshwa na paneli moja kwa moja, ambayo huhifadhi ubaridi kwenye barafu badala ya kuhifadhi umeme kwenye betri. Nyumba ya kawaida haina njia hiyo. Inataka taa usiku, kwa hiyo lazima iishi na betri vizuri.

Joto nalo lina neno lake. Volti 14.4 ni kipimo cha nyuzijoto 25. Kwa kila nyuzi moja inayozidi, betri ya volti 12 inataka kupunguziwa takriban volti 0.024, na ikipoa inataka kuongezewa kiasi hichohicho. Stoo ya Tanga chini ya bati, Februari mchana, inaweza kufika nyuzi 40. Hapo kipimo sahihi ni kama volti 14.0, na 14.4 itaikausha betri taratibu. Njombe asubuhi ya Julai, chumba kikiwa nyuzi 15, betri inataka zaidi ya 14.6, na 14.4 inaiacha haijajaa. Kontrola nzuri zina kihisi cha joto kinachowekwa karibu na betri na kurekebisha hayo zenyewe. Zile za bei ya chini hazina, kwa hiyo la maana ni mahali: betri ikae chini, kwenye chumba chenye hewa, mbali na bati na jiko. Kila nyuzi nane hadi kumi juu ya 25 hukata umri wa betri karibu nusu, hata kama mengine yote yamefanywa sawasawa.

Hewa ni muhimu pia kwa sababu ya usalama. Betri kavu ikizidishiwa chaji hutoa haidrojeni, gesi inayowaka, na kabati lililofungwa pande zote si mahali pake.

Waya hauonekani kuwa na kosa, na kosa lake ni kubwa. Fundi akifunga kontrola mita mbili kutoka kwenye betri kwa waya wa milimita 1.5 za mraba, ampea nane zikipita, karibu volti 0.4 zinapotea njiani. Kontrola inaona 14.4, inaamini kazi imekamilika, na betri inapata 14.0. Tiba ni rahisi: kontrola ikae ukutani juu ya betri, waya uwe mfupi na mnene, milimita 4 au 6 za mraba, na vibano vikazwe na kusafishwa kutu. Na kontrola iunganishwe na betri kwanza, paneli baadaye. Wakati wa kufungua, paneli itangulie kutoka.

Paneli kubwa zilizoshuka bei zimeleta mtego mwingine. Paneli ya wati 300 iliyotengenezwa kwa mifumo ya gridi hufanya kazi kwenye volti 32 hivi. Ikiunganishwa na kontrola ya kawaida, ile iliyoandikwa PWM, volti zake zinavutwa chini mpaka zilingane na za betri, na wati 300 zinakuwa kama 120. Kontrola iliyoandikwa MPPT hugeuza volti za ziada kuwa ampea, na ndiyo inayofaa hapo. Kwa paneli ndogo za volti 18, PWM inatosha na inaacha pesa ya kununulia paneli nyingine.

Wapo wanaoruka kontrola kabisa na kuunganisha paneli kwenye betri moja kwa moja. Paneli ya volti 18 ikiachwa wazi inafika 21 au 22, na betri ikishajaa hakuna wa kuizuia. Volti zinapita 15, maji yanatoka kwenye vali, ubavu wa betri unavimba. Betri iliyovimba haiponi. Kuitoboa na kuimiminia asidi, kama baadhi ya mafundi wanavyofanya, ni kumhatarisha mwenye nyumba na macho ya fundi mwenyewe.

Upande wa pili wa kontrola, ule unaokata umeme betri ikiisha, unahitaji mkono wa mtu. Kontrola nyingi za bei nafuu hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kukata kwenye volti 10.7. Kwa betri kavu inayotakiwa kudumu, hapo ni chini mno. Kuipandisha hadi 11.6 au 11.8 kunafanyika kwa kubonyeza vitufe vyake kwa dakika moja. Runinga itazima mapema kidogo siku za mawingu. Lakini betri inayotolewa nusu tu ya uwezo wake hudumu mizunguko mara mbili au zaidi ya ile inayokaushwa kila usiku, na kwa familia inayoweka akiba miezi kadhaa kununua betri moja, tofauti hiyo ni ada ya shule.

Betri za lithiamu zinaingia sokoni kwa kasi na hazina ugonjwa huu, kwani kukaa nusu hakuziumizi. Mwenye uwezo akizinunua hajakosea, ila kontrola nayo ipangwe upya kwa ajili yake. Hata hivyo betri za risasi bado ziko majumbani kwa wingi, na kufa kwake mapema kunamgusa zaidi ya mwenye nazo. Betri ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 30 hivi, na zaidi ya nusu yake ni risasi. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, uliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kati ya mwaka 2007 na 2014. Watoto walikutwa na sumu ya risasi kwenye damu, akiwemo mtoto wa Phyllis Omido, mama aliyeongoza mapambano ya kukifunga na kupewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ilirudisha uamuzi huo Desemba 2024. Betri inayokufa kila mwaka mahali pa kila miaka minne au mitano inapeleka risasi mara nne zaidi kwenye mitaa ya namna hiyo.

Mwenye nyumba anaweza kujua hali ya betri yake kwa mita ndogo ya kupimia volti, inayopatikana katika duka lolote la vifaa vya umeme. Apime alfajiri kabla jua halijaigusa paneli, taa zote zikiwa zimezimwa kwa saa kadhaa. Ikiwa jana yake betri ilijaa na usiku haikutumika, mita itasoma 12.8 au zaidi. Karibu 12.5 ni robo tatu, 12.2 au 12.3 ni nusu, na chini ya 12 betri imekaribia kwisha na kila siku inayokaa hivyo inaiumiza. Wakati wa masika, betri inayosoma 12.3 wiki nzima ipumzishwe: runinga izimwe siku mbili tatu ili chaji yote iingie, au ipelekwe penye umeme wa gridi ichajiwe usiku kucha kwa chaja ya betri kavu inayoishia 14.4, si ile ya gereji inayosukuma mpaka 16. Na ikiwa hata wakati wa kiangazi, mbingu zikiwa nyeupe na matumizi ni yaleyale, namba ya alfajiri haivuki 12.4, pesa itakayopatikana iende kwenye paneli.